Usioshe Kioo cha Nyuma

Jumatatu, Donholm. Jua la Januari limeshachemka
na Wesonga kaukaba mpira wa maji kama nyoka.
"Mia mbili, madam. Nje na ndani."
Ngoja, namwambia. Ngoja kwanza nilisome.

Vumbi hili jeupe la magurudumuni ni la Ruiru,
la njia ya mchepuko tulikopotea saa tisa ya usiku,
mume wangu akisema anaijua
nami nikamwacha aijue.
Haya mabawa kwenye bampa ni ya kumbikumbi.
Walitoka ardhini alfajiri, karibu na Makutano,
wakaiona taa yetu wakadhani ni arusi.

Hapa mlangoni, samahani, ni Kendi.
Kona za Thuchi zilimshinda:
karakara, mkate, na kiapo
kwamba hatapanda gari tena maishani.
Ana miaka sita.

Na huu udongo mwekundu, mzito, ulioganda hadi kwenye vishikio,
huu ndio wenyewe.
Ukishapita Chogoria lami inakukata mkono,
barabara inapanda peke yake katikati ya majani chai
na mvua haimuulizi mtu kama ni likizo.
Tulikwama mara mbili.
Binamu wakaja na jembe, na gunia, na matawi ya migomba,
na kila mmoja na ushauri wake.
Mutembei alisukuma akiwa na viatu vya kanisani.
Hajanisamehe.

Nyanya Ciambaka hakutusalimu sisi kwanza.
Aliweka kiganja juu ya boneti,
vile unavyopima homa ya mtoto,
akasema, "Amechoka huyu. Mpeni maji."
Kisha ndipo akauliza tumekula nini,
na jibu lolote lingekuwa baya.

Usiku Kendi alitoa kichwa kwenye blanketi tatu:
"Mama, nani ameacha friji wazi?"
Moshi ukacheka, sufuria zikacheka,
nyanya akacheka mpaka akashika ubavu,
ule ubavu ambao nilikuwa nimetumwa
nikaulize unaendeleaje.
Sikuuliza.

Asubuhi mlima ulijitokeza robo saa tu,
mwamba na theluji na ubluu usio na jina,
kama mwenye nyumba anayechungulia
kuona ni nani anabisha,
kisha ukavuta shuka.

Siku ya kuondoka yeye hana kwaheri.
Alikagua kamba za gunia la viazi,
akazikosoa, akazifungua, akazifunga upya.
Kuku akamwekea Kendi mapajani.
Injini ilipowaka akakigonga kioo cha nyuma,
paa! kwa kiganja chenye tope la shambani,
kama mtu anayemtoa ng'ombe zizini.
Haya. Nendeni.

Ndio hiki, Wesonga. Tazama.
Vidole vinne na nusu.

Kutoka kule hadi foleni ya Githurai
kila nilipoangalia kioo cha dereva
niliiona barabara ikirudi mlimani
ikipenya katikati ya vidole vyake.

Kijana ameweka mpira chini. Maji yanajiendea mtaroni.
Anasogeza mkono wake mwenyewe karibu na kioo,
haugusi, anapima tu.
"Hiki kingine kilienda wapi?"
"Mashine ya kukatia nyasi. Mwaka wa themanini na nne."
"Mm," anasema.
"Kwa hiyo nizunguke?"
"Zunguka."

Akachukua kitambaa kidogo, kile cha saidimira,
akaanza pembeni, polepole,
kama anayemnyoa mtoto aliyelala.
Saa nzima. Magari mengine mawili yakamsubiri,
yakapiga honi, yakaondoka.

"Mia tatu," akasema alipomaliza.
"Tulisema mbili."
"Kuzunguka kuna kazi, madam,
kuliko kupangusa."

Nikalipa.